Kumtazama Mdogo Wangu Akianguka

Nyumbani kwetu mtu akianguka kifafa anafunikwa. Ndilo jambo la kwanza, kabla ya mto wa kichwa, kabla ya kusogeza meza. Bibi alikuwa na kanga moja safi aliyoiweka juu ya kabati la sebuleni kwa kazi hiyo tu. Mdogo wangu alipoanguka, bibi aliivuta akaitandaza juu ya uso wake, na sisi sote tukageuka. Mama aliuelekea ukuta, mimi niliuelekea mlima dirishani. Tulisoma Ayatul Kursi kwa sauti moja, migongo tumempa yeye, mpaka mtikisiko chini ya kanga ulipotulia. Kisha bibi alimfunua, akampangusa mate, na mdogo wangu akauliza swali lake la siku zote.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu. Ulilala."

Ndivyo tulivyoishi tangu alipokuwa msichana wa skuli. Nyumba yetu iko Amerat, nje ya Maskati, nyuma ya milima, na dirisha la sebule linatazama mlima mtupu wa rangi ya mkate ulioungua, wenye kijia cha mbuzi. Kile kijia nakijua kila kona, naweza kukichora nimefumba macho. Uso wa mdogo wangu katika hali ile sikuwahi kuuona hata mara moja.

Wala sikuliona hilo kuwa ajabu. Bibi alikuja Oman kutoka Unguja na watoto wake na desturi zake, na desturi hii ilikuwa na maelezo yaliyotosha. Wakija wenyewe, alisema, na majini hakuwaita kwa jina jingine, macho yako yakikutana na ya mgonjwa wanaweza kukuhamia wewe. Na tena, mtu hatazamwi akiwa hajijui. Ni stara. Sababu ya kwanza niliiacha nilipokuwa chuo kikuu. Ya pili haikuniacha, na nadhani ndiyo maana niliendelea kugeuka pamoja na wenzangu, nimekwisha kuwa mwandishi, nina riwaya moja dukani na maoni yangu juu ya kila kitu.

Mambo yaliharibika mdogo wangu alipoanza kuanguka mara kwa mara. Alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi katika ofisi ya serikali Maskati ya kale, ndani ya kuta. Daktari aliyekuwa akimwangalia aliongeza dawa, kisha akaiongeza tena. Kuanguka hakukupungua. Aliyepungua ni yeye. Alikuwa msichana wa maneno makali, anayeweza kukukata kwa sentensi moja na kukuacha ucheke mwenyewe. Sasa alisimama katikati ya sentensi, mkono hewani, akingoja neno limfikie. Siku moja neno lililompotea lilikuwa kijiko. Alikinyooshea kidole, akalia. Wiki ile ile alianguka kwenye kizingiti cha jikoni, akavunja jino la mbele.

"Dada," aliniambia, barafu ikiwa mdomoni, "nikinywa dawa hii nnapotea. Nisipoinywa nnaanguka. Sasa nichague nini?"

Nilichokuwa nacho ni gari. Yeye alikatazwa kuendesha, basi kila asubuhi nilimvusha mlima, tukashuka upande wa pili penye mabasi ya wafanyakazi na malori, tukapita kando ya bahari mpaka lango la mji wa zamani. Njiani hatukuzungumza sana. Nilishika usukani kwa mikono miwili na kila alipokohoa nilitazama wapi naweza kusimama.

Nikimshusha, nilirudi mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, kwenye mkahawa mdogo wa chai ya karaki, ile nzito ya maziwa, nikafungua kompyuta na kujilazimisha kuandika. Riwaya yangu ya pili ilihusu tabibu wa Kiyunani, mmoja wa wale walioishi katika visiwa na pwani za Wagiriki karne nyingi kabla ya Nabii Isa. Waandishi wenzangu, tunaokutana hapo Alkhamisi kusomeana, hawakunionea huruma.

"Mgiriki wako kafika wapi?" aliuliza mmoja wao, mshairi, ambaye hajawahi kunywa chai bila kumchokoza mtu.

"Yumo njiani, anakwenda kumwona mgonjwa."

"Mwezi wa pili huu yumo njiani! Mnunulie gari, bibi wee. Hapo mlango wa pili wanauza kwa mkopo."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini niliondoka na kitu kikinikereketa, kwa sababu kweli nilikuwa nimekwama, na sikujua nimekwama wapi.

Kilichonivuta kwa watu wale wa kale si hekima yao. Kabla yao, na hata katika zama zao, mgonjwa alipelekwa hekaluni, akalala sakafuni, akangoja mungu amjie ndotoni na kumgusa. Kisha wakatokea wachache waliovuta kigoda wakakaa kando ya kitanda. Wakatazama. Waliandika homa ilianza siku gani, mkojo ulikuwa wa rangi gani, mgonjwa alilala au hakulala, alizungumza ovyo au alinyamaza, mikono yake ilipapasa nini juu ya shuka. Na mwisho, mara nyingi, waliandika kwamba alikufa. Hawakudai wameponya. Nilizisoma habari zile kwa Kiarabu, nikazirudia. Mtu anaandika kushindwa kwake, kwa unyofu, ili mwingine baada yake ajue pa kutazama!

Kifafa watu wa kwao walikiita ugonjwa mtakatifu. Mmoja wa matabibu wale aliandika, na unaihisi hasira yake hata sasa, kwamba hauna utakatifu kuzidi maradhi mengine. Una asili yake, una sababu yake, na watu waliutupia miungu kwa kuwa hawakuujua. Akawakejeli waganga waliowakataza wagonjwa nyama ya mbuzi na nguo nyeusi. Kisha akaeleza sababu yenyewe, akasema ni balghamu inayoshuka kutoka kichwani na kuziba njia za hewa mwilini. Alikosea kabisa. Nilimpenda zaidi kwa kosa lile.

Na balghamu, kwetu, si neno la kitabuni. Bibi hulitaja kila siku. Usile ndizi usiku, itakupanda balghamu. Tangawizi ni moto, maziwa ni baridi, na mtu mwenye mwili wa baridi asichezee tikitimaji. Elimu ile yote ilitoka kwa Wayunani, ikafasiriwa kwa Kiarabu kule Baghdadi, ikavuka bahari hadi jikoni Unguja, kisha ikavuka tena hadi jikoni Amerat. Nilimweleza bibi hayo kwa furaha, akiwa anamenya vitunguu.

"Wagiriki?" alisema. "Nimefunzwa na mamaangu mie. Na mamaangu hakumjua Mgiriki hata wa dawa."

Kuna jambo sikumwambia, kwa sababu bado sikuwa nimeliona. Katika safari ile ndefu majibu yao, hata yaliyooza, yalifika kwetu salama. Kilichobaki njiani ni ile tabia ya kuvuta kigoda na kutazama.

Baada ya jino kuvunjika tulitafuta daktari mwingine, bingwa wa maradhi ya ubongo. Mwanamke, Mwomani kama sisi, ila wazee wake walirudi kutoka bara, upande wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Tulikwenda wote wanne. Bibi alimsikiliza akitusalimu, akamwinamia mama.

"Wa bara huyu."

"Mama, anasikia."

"Asikie. Nimemtukana?"

Daktari alitabasamu akaendelea kufungua faili. Kisha akamuuliza mama, "Mama, hebu nielezee. Akianguka, kinaanza nini?"

"Anaanguka, daktari. Tunamfunika, tunasoma."

"Kabla ya kumfunika?"

"Tunamfunika upesi."

"Mkono gani unaanza kutikisika? Kichwa kinageuka? Macho yako wazi au yamefumba?"

Mama alimtazama bibi. Bibi alitazama pete zake. Daktari akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwandishi, nimeambiwa. Wewe umeona nini?"

Nilifungua mdomo, na Mungu anisamehe, kilichotoka ni hiki: "Anakuwa kama mti uliokamatwa na kimbunga."

"Mti huo," daktari aliuliza, "una mkono wa kushoto?"

Mdogo wangu alicheka, kicheko cha pengo, cha kwanza baada ya siku nyingi. Mimi nilihisi masikio yanawaka. Nikakiri kwamba huwa nageuka.

Hakutulaumu. Alituambia kwamba picha za kichwa zilikuwa safi, na kipimo cha umeme wa ubongo hakikunasa kitu kwa kuwa siku ile hakuanguka. Kifafa si kimoja, alisema. Kuna kinachowaka ubongo mzima kwa mpigo, na kuna kinachoanzia pembe moja na kuenea. Dawa ya huyu si lazima imfae yule. "Dawa anayokunywa ilichaguliwa kwa kukisia. Kama makisio yalikosea, nikiiongeza nitamzidishia usingizi tu, na kuanguka ataanguka. Nisaidieni. Akianguka tena, mrikodini kwa simu."

"Simu hapana," alisema mdogo wangu.

"Ni mimi tu nitakayeiona."

"Hapana, daktari. Niwie radhi."

Garini, bibi na mama wakiwa nyuma, mdogo wangu alinieleza bila kugeuza shingo. "Video ya harusi ya binti wa ami ilifika Unguja na London kabla bibi harusi hajavua viatu. Na ile ilikuwa harusi."

"Naelewa."

"Nitazame wewe. Kwa macho. Usinirikodi, na usinitie kitabuni bila ya ruhusa yangu."

"Sitakutia."

"Apa."

"Wallahi."

Ruhusa amenipa sasa. Amezisoma kurasa hizi, akafuta sentensi mbili, na amenikataza kusema zilikuwa juu ya nini.

Bibi, kule nyuma, alizizungusha pete zake vidoleni mpaka tukafika.

Basi nikaanza kungoja. Sijui niuelezeje ungojaji ule. Kila baada ya sala nilimwomba Mungu asianguke, na kila nilipokaa naye nilikuwa tayari, nimejikunja, macho mikononi mwake. Akikuna sikio nilishtuka. Kikombe kikimponyoka nilikuwa nimeshasimama. Nilianza kuondoka mkahawani mapema, nikaenda kuegesha gari chini ya kuta za mji wa zamani, eti nisiwe mbali naye, mpaka askari mmoja akaja kuniuliza nangoja nini. Nilimwambia namngoja mdogo wangu atoke kazini. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Dada, unanitia wazimu," aliniambia. "Unanitazama utadhani nimekula kitu chako."

Sikuweza kuandika. Mgiriki wangu alibaki njiani, vumbi miguuni. Badala yake nilijizoeza. Nilikaa mkahawani nikamtazama mhudumu, nikajaribu kumweleza kichwani bila kumfananisha na chochote. Mkono wa kulia unainua birika. Wa kushoto unashika kitambaa. Anamimina, anasita, anamimina tena. Inachosha kupita kiasi! Kila mara neno "kama" lilikuja mbio na zawadi zake, na kila mara nililirudisha. Niligundua kwamba nusu ya niliyoyaandika maishani niliyaandika nikiwa nimegeuka, nikitazama mlima na kusema habari za uso.

Kuna kibaya zaidi. Siku zilivyopita bila tukio, nilijikuta nataka litokee. Si kwa ajili yake tu. Nilitaka kuona. Nilijichukia kwa hilo, nikaenda kusimama uani kwenye jua mpaka kichwa kikauma, na hamu ile haikuondoka.

Ilitokea Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Tulikuwa tumekaa sakafuni kuzunguka sinia la wali na samaki, sisi wanne, mdogo wangu akisimulia habari ya bosi wake anayejifungia ofisini kula maembe mabichi. Nilikuwa natoa miiba kwenye kipande cha samaki. Nilisikia gilasi inagonga sinia, na nilipoinua macho alikuwa ameshaanza kwenda upande.

Bibi ana miaka mingi na magoti mabovu, lakini kanga ilikuwa mkononi mwake kabla sijafika. Akaitupa. Nikaivuta.

"Msitiri mwenzio!"

"Bibi, niache nione."

"Unataka uone nini? Nini kimebaki cha kuona?" Aliikamata ncha nyingine. "Mtoto huna haya! Nduguyo huyu!"

Nikavuta, akavuta. Tulikuwa tunagombania kanga juu ya mwili wa mdogo wangu, mie na bibi yangu aliyenilea, mchuzi umemwagika mkekani, na sikuwa na nguvu ya kumpokonya wala moyo wa kumwachia. Mama alikuwa tayari amesimama mbele ya ukuta, anasoma. Nilimsikia akisita katikati ya aya. Kisha akageuka. Hakuwahi kuuacha ukuta. Alimtazama mwanawe, uso ukamkunjamana, akaja akaishika mikono ya bibi kwa mikono yake miwili.

"Mama, mwache," alisema. "Mwache atazame. Natazama na mie."

Nilipiga magoti nikatazama.

Mkono wa kushoto ulikuwa unatikisika kutoka kwenye kiwiko. Vidole vimekunjika, kidole gumba kiko ndani. Mkono wa kulia umelala mkekani, umetulia, una punje za wali. Kona ya mdomo ya upande wa kushoto inavutwa, inaachiwa, inavutwa. Kichwa kinageuka kushoto, polepole. Macho yako wazi. Kisha ukafika mguu wa kushoto, kisha mwili wote ukakakamaa na kutikisika pamoja, pande zote mbili, na povu likatoka. Tulimlaza ubavu. Mama alimshika bega, akiendelea kusoma, lakini sasa alimsomea yeye, karibu na sikio. Mtikisiko ukapungua, ukakatika. Akavuta pumzi nzito, yenye sauti, akafumba macho. Mkono wa kushoto ulibaki umelegea, na hata alipofumbua macho na kuanza kuchezesha vidole vya kulia, ule haukufuata mpaka baadaye.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mwingine. Sikuwaamini wale "wenyewe" wa bibi, lakini miaka yote ya kugeuka ilikuwa imeniwekea hapo, nyuma yangu, uso nisioujua, na nilimwogopa mwenye uso huo. Hapakuwa na mtu mwingine. Ulikuwa uso wa mdogo wangu, na pengo lake, na alama ya tetekuwanga karibu na nyusi. Alikuwa anaumwa. Hilo tu.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

Bibi alifungua mdomo. Akaufumba.

"Umeanguka," nilimwambia. "Nimekuona. Nitakueleza yote."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akalala palepale.

Bibi hakunisemesha siku kadhaa. Aliniwekea chakula, akaniitikia salamu, basi. Nilikuwa nikizungukazunguka nyumbani, natoka chumbani naingia jikoni, natoka jikoni narudi, mpaka alasiri moja akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye kinu cha iliki, "Kaa chini. Unanizungusha kichwa."

Nikakaa.

"Unadhani nnaogopa mashetani?"

"Ndivyo ulivyotwambia."

"Nlikwambieni mkiwa watoto. Mtoto ukimwambia stara hafahamu. Ukimwambia jini, hugeuka upesi." Alitwanga kidogo. "Khofu yangu ni watu. Mtaani kwetu alikuwapo msichana, mzuri, hodari wa kufuma. Akaanguka kwenye harusi ya nduguye, ukumbi mzima unamtazama. Hakuna aliyemfunika. Basi tokea siku ile, hata akisimama sokoni achague nyanya, watu walimwona anatikisika. Kazeeka wanamwona anatikisika. Kafa wanamwona anatikisika."

Tabibu yule wa Kiyunani, mwenye balghamu yake, alikwisha kuligusa jambo hili. Aliandika kwamba wanaoujua ugonjwa wao hukimbilia nyumbani unapokaribia, na wasipofika hujifunika kichwa, na kwamba wafanyavyo hivyo ni kwa kuwaonea watu haya, wala si kwa kuiogopa miungu. Nilikuwa nimelipita hilo mbio kitabuni, nikitafuta mambo makubwa.

"Mimi si watu, bibi," nilisema.

"Kila mtu husema hivyo." Alinisogezea kinu. "Haya, twanga. Mikono yako haina kazi, ndo maana huna utulivu."

Kwa daktari tulikwenda watatu. Bibi alisema magoti yanamuuma. Mdogo wangu alikaa kati yetu, mikono mapajani, na nikaanza kueleza. Nilieleza nilivyojizoeza, kitu baada ya kitu, na mara moja tu "kama" ilinitoka, nikaikatiza. Daktari alikuwa akiandika. Akainua kalamu.

"Kilianza kichwa au mkono?"

"Nilipotazama, mkono ulikuwa umeshaanza. Mwanzo wenyewe..." Naona aibu mpaka leo nikikumbuka. Wiki nzima nimekodoa macho, na dakika yenyewe nilikuwa natoa miiba. "Mwanzo wenyewe sikuuona."

"Sawa," alisema. "'Sikuona' nayo ni jibu. Lingekuwa baya kama ungenibunia. Endelea."

Niliendelea. Nilikuwa nimefika kwenye mdomo, nilipohisi kitu kinasogea kando yangu, nikageuka. Mdogo wangu alikuwa ameuinua mkono wake wa kushoto, anautazama. Nikatambua ninachofanya. Nilikuwa nimesahau, katika bidii yangu yote ya kumpelekea daktari habari, kwamba yupo mtu mmoja chumbani mle ambaye hakuwahi kuambiwa.

"Vidole hivi?" aliuliza.

"Hivyo. Kidole gumba ndani."

Alivikunja, akavikunjua. "Huwa nnapata ganzi hapa. Kabla. Vinachomachoma, kisha inapanda."

Daktari aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Siku zote."

"Siku zote!" Mama karibu asimame. "Na hukutwambia?"

"Mlinambia nalala, mama," alisema mdogo wangu, taratibu, na sentensi ilimtoka nzima bila kusita popote. "Nani anasimulia mkono wake ulivyokuwa usingizini?"

Mama aliuficha uso wake kwa ncha ya buibui. Daktari alimwachia muda, kisha akasogeza kiti karibu na mdogo wangu na kuanza kumuuliza yeye, sisi wawili tukiwa tumesahauliwa, nami sikujali. Inaanzia kidole gani? Inachukua muda gani kupanda? Huwa inakuja ikaondoka yenyewe bila kuanguka? Huwa inakuja, ndiyo, ofisini, mara nyingi, akidhani ni baridi ya kiyoyozi.

Mwisho alituambia anavyofikiri. Kinaanzia pembe moja, upande wa kulia wa ubongo, unaotawala mkono wa kushoto. Dawa ya zamani itapunguzwa kidogo kidogo, isiachwe ghafla, na mpya itaanza leo. Picha itarudiwa, safari hii wakijua pa kutazama. Na ganzi ikija, akae chini popote alipo, aseme. "Siahidi kitu," alisema. "Huenda tukabadilisha tena. Lakini angalau sasa hatukisii gizani."

Tulimshusha mama kwa khaloo, dada yake, tukaelekea nyumbani wawili. Mfuko wa dawa ulikuwa mapajani mwake. Gari ilianza kupanda mlima, masikio yakaziba yakazibuka. Nilikuwa nikingoja alie, au acheke, au anitukane.

"Anza tena," alisema.

"Nini?"

"Yote. Pale ulimweleza yeye. Nieleze mimi."

Nikamweleza. Mkono, vidole, wali kwenye mkono wa kulia. Aliuliza maswali ambayo daktari hakuuliza. Kanzu yake ilikaa vizuri? Alitoa sauti? Mama alikuwa wapi? Nilipomwambia mama aligeuka akamtazama, alitazama nje dirishani muda mrefu, kule chini mji ulikokuwa unaisha.

"Na macho?"

"Yalikuwa wazi."

"Nilikuwa nakutazama?"

"Yalikuwa upande wangu. Sijui kama ulikuwa unaniona."

"Sikukuona," alisema. "Najaribu kukumbuka hapa. Nakumbuka habari ya maembe, kisha nakumbuka dari." Akafikiri. "Na kabla ya mkono? Pale mwanzo kabisa, gilasi haijaanguka. Nilibadilika uso? Nilinyamaza?"

"Hapo ndipo sikuona. Nilikwambia. Nilikuwa na samaki."

"Umekaa wiki nzima umenikodolea macho, ukaja ukamtazama samaki."

"Ndiyo."

Alifyonza kwa ulimi nyuma ya pengo, kwa dharau kubwa ya zamani, na moyo wangu ukaruka kwa furaha ya kumsikia.

"Mara nyingine utazame vizuri."

"Inshallah hakuna mara nyingine."

"Inshallah," alisema. "Ikiwapo."

"Ikiwapo, nitatazama."

Tulikuwa tumefika juu kabisa, barabara inaanza kushuka upande wa kwetu. Niliweka gia ndogo. Yeye alikuwa ameulaza mkono wa kushoto juu ya goti, kiganja juu, na kwa kidole cha mkono wa kulia alikuwa akivigusa vidole vyake kimoja kimoja, anasikiliza.